MUGONGO HAUNA PIYESI YA KUBADILISHA

Mutumikaji mwenzetu, piyesi ya mashini ikivunjika, fundi anaenda depo kuleta ingine. Mugongo wako ukiharibika, utaenda depo gani?

Angalia. Mufuko wa sima una kilo 50. Mwenzako anakawia, nawe unasema moyoni: «Mimi mwanaume, nitaubeba peke yangu.» Unainama, magoti yamenyooka, unainua huku unageuza kiuno. Kaa! Maumivu yanakukamata kama kisu. Huko nyumbani, bibi na watoto watateseka pamoja nawe.

Kwa sababu gani? Misuli ya mugongo inavuta karibu sana na mufupa, kama sentimetri 5 tu. Ukishika kilo 20 mbali na mwili, sentimetri 50, misuli hiyo inapaswa kuvuta kwa nguvu ya kilo 200. Ukisogeza muzigo karibu na tumbo, nguvu ile inapunguka sana.

Basi, fanya hivi:

1. Jaribu uzito kwanza, na tazama njia utakayopita.
2. Tenga miguu, kunja magoti, mugongo unyooke.
3. Shika kwa mikono miwili, karibu na tumbo. Inuka kwa nguvu ya mapaja.
4. Usipinde kiuno. Geuza miguu.
5. Kama muzigo ni muzito, tumia kigari, ao ita mwenzako. Mumoja ahesabu: moja, mbili, tatu!

Nawe shefu wa timu, kazi ndiyo ifuate mwili wa mutu. Usiweke mifuko chini kabisa. Iweke kwenye urefu wa kiuno. Mwaka 1991, wataalamu wa Marekani waliweka kipimo cha kilo 23 kwa mutu mumoja, tena pale muzigo unaposhikwa vizuri kabisa. Mufuko wa sima unapita mara mbili!

Mama, bidon ya litre 20 ni kilo 20. Ni heri bidon mbili za litre 10, moja kila mukono.

Mugongo ukiuma, mwambie shefu siku ile ile, uende kwa munganga. Usilale kitandani siku nyingi; tembea polepole. Lakini miguu ikikosa nguvu, ao mukojo ukikataa kutoka ao kutoka wenyewe, kimbia lopitali bila kungoja kesho.

Kumungoja mwenzako ni dakika chache. Mugongo ni wa maisha yote.