Muziki Katika Matatu: Nguvu Hutoka Wapi, na Nani Anayelipa?



Kila alfajiri maelfu ya wenzetu wa Nairobi hupanda matatu kwenda viwandani, na jioni hurudi nazo nyumbani. Katika njia nyingi gari lisilo na muziki huachwa na abiria, hasa vijana. Kwa sababu hiyo mwenye gari huona ni lazima aongeze amplifaya pamoja na spika kubwa ya besi, ile iitwayo wufa. Wapo pia wafanyikazi walioweka akiba pamoja katika ushirika wakanunua gari la abiria, nao hufika mahali pa kuulizana: Je, tuongeze muziki? Na tukiongeza, kazi hiyo ifanywe namna gani?

Swali hili si la anasa tu. Umeme uliofungwa vibaya unaweza kuteketeza gari zima, na pamoja nalo akiba ya miaka mingi. Tena dereva na kondakta ni wafanyikazi kama sisi, na masikio yao hukaa katika kelele hiyo kutwa nzima. Basi yafaa tufahamu jinsi vyombo hivi vinavyofanya kazi, ili anayelipa fundi ajue analipia nini, na anayepanda gari ajue linamgharimu nini.

AMPLIFAYA HAIZAI NGUVU

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba amplifaya haizai nguvu. Inachukua nguvu ya umeme kutoka kwa gari na kuipeleka kwenye spika. Umeme huo hutoka kwenye alternata, na alternata huzungushwa na injini inayokula mafuta. Injini ikizimwa, mzigo wote huiangukia betri.

Hesabu yake ni rahisi: wati ni volti mara ampea. Tuchukue amplifaya ya aina ya zamani inayotoa wati 500 za kweli. Aina hiyo hupoteza karibu nusu ya umeme wake kwa joto, kwa hiyo ili itoe wati 500 itahitaji karibu wati 1,000. Gari la volti 12, injini ikiwaka, huwa na volti 14 hivi. Gawanya 1,000 kwa 14 upate ampea 70. Amplifaya za aina mpya hupoteza kidogo zaidi, nazo zingehitaji ampea 45 hivi kwa kazi ile ile.

Sasa tazama alternata. Ikiwa imeandikwa ampea 80, hizo ndizo za gari zima: taa, feni, waipa, na kuijaza betri. Taa mbili kubwa za mbele peke yake, za wati 55 kila moja, hula ampea 8 hivi. Kweli muziki haupigi kwa nguvu zote wakati wote, na wastani wake huwa chini sana ya ampea 70. Lakini usiku wa mvua, gari likiwa limekwama katika msongamano na injini ikizunguka polepole, alternata haitoi hata zile 80. Hapo taa huanza kufifia kila besi inapopiga. Hiyo ni dalili kwamba gari linatumia kuliko linavyozalisha, na betri ndiyo inayolipa tofauti.

Vile vile gari likisimama kituoni huku injini imezimwa na muziki unacheza. Betri ya ampea 70 kwa saa, ikitolewa ampea 20 mfululizo, hufika nusu kwa muda usiotimia saa mbili. Betri ya gari imeundwa kuwasha injini, si kunywewa hadi chini. Ikifanywa hivyo mara kwa mara itakufa mapema, na siku hiyo gari litasukumwa na abiria.

MSIDANGANYWE NA MAANDISHI YA SANDUKU

Madukani mtaona sanduku limeandikwa "wati 2,000" kwa herufi kubwa, na bei yake ni ndogo. Msinunue maandishi. Geuzeni amplifaya mtazame fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwake. Kama ipo fyuzi moja ya ampea 25, basi chombo hicho hakiwezi kuchukua zaidi ya ampea 25 kwa muda mrefu. Ampea 25 mara volti 14 ni wati 350 zinazoingia. Hakuna chombo duniani kinachoingiza wati 350 kikatoa 2,000. Nguvu inayofaa kuulizwa ni ile ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, si ile ya kupasuka mara moja.

Jambo lingine ambalo muuzaji hatalisema ni hili: kuongeza wati mara mbili hakuongezi sauti mara mbili. Kutoka wati 100 hadi 200 sauti hupanda desibeli 3 tu, na sikio huona ongezeko dogo. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, yahitajika nguvu mara kumi hivi. Kwa upande mwingine, spika iliyoandikwa desibeli 91 kwa wati moja hutoa sauti sawa na ile ya desibeli 88, kwa nusu ya umeme. Kwa hiyo mwenye fedha chache aanze na spika nzuri kabla ya kununua wati.

WAYA NA FYUZI

Hapa ndipo magari huungua. Tulipata kuona gari moja la ushirika ambalo zulia lake lilikuwa limeungua mstari mweusi kutoka mlango wa mbele hadi nyuma. Waya mwembamba ulikuwa umelazwa chini ya zulia bila fyuzi. Kwa bahati nzuri abiria walinusa moshi gari likiwa limesimama.

Sababu yake inahesabika. Waya wa shaba wa milimita mraba 4, wenye urefu wa mita 5, ukipitishwa ampea 70, hupotezewa volti 1.5 njiani. Nguvu hiyo iliyopotea ni wati 107, yaani sawa na taa mbili za mbele zinazowaka chini ya zulia. Waya wa milimita mraba 25, kwa urefu na mzigo ule ule, hupoteza wati 17 tu.

Kwa hiyo mwambieni fundi mambo haya, na mhakikishe ameyafanya:

(a) Waya mkuu utoke kwenye betri yenyewe, usiunganishwe na waya wa redio au wa taa. Kwa ampea 70 usipungue milimita mraba 16, na wa 25 ni bora. Ukwanguliwe kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nayo huhitaji unene zaidi.

(b) Fyuzi ikae karibu na betri, nusu mita au pungufu. Wengi hudhani kazi yake ni kulinda amplifaya. Sivyo. Hulinda waya. Waya ukichubuka na kugusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea, na fyuzi iliyo mbali nyuma ya gari haitazuia lolote.

(c) Waya unapopita kwenye tundu la bati, tundu hilo livalishwe mpira. Bati hukata waya polepole kila gari linapotikisika.

(d) Waya wa bodi uwe na unene sawa na ule mkuu, uwe mfupi, na mahali unapofungwa pakwanguliwe rangi hadi chuma kionekane. Bolti iliyokazwa juu ya rangi huleta joto, na pia ule mvumo unaopanda na kushuka pamoja na injini.

(e) Fyuzi ikikatika isifungwe kwa waya wala karatasi ya sigara. Imekatika kwa sababu. Itafutwe sababu.

MABASI YA VOLTI 24

Mabasi makubwa na malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Amplifaya za kawaida ni za volti 12. Mafundi wengi huchukua njia ya mkato: hutoa waya katikati ya betri hizo mbili na kupata volti 12 bila gharama.

Njia hiyo huua betri. Moja hutumika kwa muziki na nyingine haitumiki, lakini alternata huzijaza zote mbili pamoja kama kitu kimoja. Ile inayotumika haijai kamwe. Ile nyingine hujazwa kupita kiasi, maji yake hukauka, na hewa inayotoka hapo yaweza kulipuka kwa cheche. Dawa yake ni chombo cha kupunguza volti 24 hadi 12, chenye uwezo wa kubeba ampea za amplifaya. Ni ghali, lakini si ghali kuliko kununua betri mbili kila mara.

SPIKA NA SANDUKU LAKE

Wufa bila sanduku haifanyi kazi. Hewa inayosukumwa mbele hukutana na ile inayovutwa nyuma, na besi hufutika. Sanduku lililozibwa kote ni rahisi kutengeneza na besi yake ni safi. Lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi, lakini vipimo vyake ni lazima vifuate maagizo ya kiwanda. Kwa vyovyote sanduku lifungwe kwa bolti. Mzigo wa kilo 25 usiofungwa huwa silaha gari linapogonga. Wala lisizibe mlango wa dharura.

Msiongeze spika ovyo. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya hudaiwa ampea mara mbili. Kama haikutengenezwa kwa omu 2, itaungua.

Kile kifundo kidogo kwenye amplifaya si cha kuongeza sauti. Ni cha kuilinganisha na redio. Fungua redio hadi robo tatu, kisha zungusha kifundo polepole. Sauti ikianza kukwaruza, rudi nyuma kidogo na ukiache hapo. Kukwaruza maana yake amplifaya imefika mwisho wa uwezo wake, na spika inayoendelea kulazimishwa hupata moto na kukatika.

SIKIO HALINA SPEA

Tumesema betri hulipa, na waya hulipa. Lakini vyote hivyo hununuliwa tena dukani. Sikio halinunuliwi. Ndani yake kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini zasema mfanyikazi asipatwe na kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8 katika siku. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya kazini, hupendekeza kiwango cha chini zaidi, desibeli 85 kwa saa 8, na kwamba kila zikiongezeka desibeli 3 muda ukatwe nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4. Kwa 91 ni saa 2. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu.

Fikirini mwenzetu wa kiwanda cha kusuka nguo au cha kukata mabati. Kutwa nzima amekuwa kwenye kelele, na pengine amevaa vizibo vya masikio. Jioni huvivua, akapanda gari lenye muziki wa desibeli 100, akakaa humo saa nzima. Katika saa hiyo moja amepokea kelele mara nne ya kipimo cha siku nzima. Vizibo alivyopigania chama chake vimefanywa kazi bure. Na dereva je, aliye humo kwa saa 12? Asiposikia honi ya lori au mlio wa gari-moshi kwenye makutano ya reli, hatari si yake peke yake.

Kipimo cha kienyeji ni hiki: kama yule aliye umbali wa mkono mmoja hakusikii mpaka upaze sauti, kelele imefika mahali pa kudhuru. Ukishuka na masikio yakalia au yakawa kama yamezibwa pamba, tayari umeumia.

LILILO JUU YETU

Hatusemi muziki uondolewe. Safari ni ndefu, na muziki huchangamsha mtu aliyechoka. Twasema sauti iwe safi kuliko kuwa kubwa, na hayo mawili si kitu kimoja.

Wanachama wenye gari la ushirika wadai kwa fundi hesabu ya ampea kabla ya kutoa fedha. Spika zielekezwe kwa abiria, si kwenye kichwa cha dereva, naye awe na mamlaka ya kupunguza sauti bila kuogopa kufutwa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyikazi, na kwa dereva na kondakta mahali pa kazi ni ndani ya gari. Abiria nao wasione haya kusema. Mmoja akisema atachekwa, lakini kumi wakisema kondakta atasikia, maadamu bado anasikia.

Kila nguvu ina mwenye kuilipia. Mwenye gari apata nauli, muuzaji apata bei yake. Tuangalie deni lisije likaangukia masikio ya mfanyikazi.