Sura ya 6: Kifua Kinauma, Moyo Haujambo

Wiki ya tano hivi baada ya upasuaji, simu huanza kuita. Mgonjwa yuko nyumbani, kidonda kimefunga, ndugu waliotoka mbali wamesharudi makwao, na anaona haya kusema kwamba bado anaumwa. Akishasema, swali huwa lile lile: "Daktari, moyo umeharibika tena?" Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, lakini jibu nimelitoa mara nyingi hata nimeona niliandikie sura yake. Mara nyingi kinachouma si moyo. Ni nyumba ya moyo.

Fikiria nyumba hiyo imefanywa nini. Ili kuufikia moyo, daktari hupasua mfupa wa kidari kwa msumeno, kuanzia chini ya koo hadi kwenye chembe cha moyo. Kisha huweka chuma cha kupanulia, na mbavu hukaa zimesukumwa kando kwa saa kadhaa. Njia yenyewe ni kongwe: Herbert Milton, daktari Mwingereza, aliieleza mwaka 1897 akiwa Cairo, kabla mashine ya moyo na mapafu haijabuniwa. Kwetu Tanzania, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Bibi zetu hawakuyajua maumivu haya, kwa hiyo hawakutuachia la kusema juu yake. Mtaa umelijaza pengo hilo kwa maneno yake, na mengi ni ya hovyo.

Niyaondoe kwanza. Waya zilizofunga mfupa, kwa kawaida sita hadi nane, ni za chuma kisichoshika kutu. Hazitolewi, hazioti kutu masika, wala haziiti radi. Kifua kikiuma zaidi siku ya baridi, ni misuli na kovu vimekaza. Jifunike, usitafute mganga.

Kukandwa kwa maji ya moto ni desturi ya mzazi, na huko nako wauguzi wana la kusema. Kwenye kidari kilichopasuliwa ni hatari tupu, maana ngozi ya hapo huwa imekufa ganzi. Nimemwona mama aliyeungua malengelenge bila kusikia chochote, huku wifi yake akimsifu kwa ujasiri.

Kupiga chuku, au hijama kama inavyoitwa siku hizi ili ipendeze, ni kuchanja ngozi. Mtu mwenye vali ya chuma anatumia wafarini ili damu isigande. Anayemchanja mtu huyo anacheza na maisha ya mwenzake. Hali kadhalika tembe za kitunguu saumu na chupa za "kusafisha mishipa": nyingine huongeza nguvu ya wafarini, nyingine huipunguza, na muuzaji hajui ipi ni ipi.

Halafu kuna diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kama peremende. Hizi huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa ya moyo, huumiza figo, na zikikutana na wafarini tumbo linaweza kutoka damu. Usizimeze mpaka daktari wa moyo aseme. Dawa ya kuanzia ni parasetamoli: kwa mtu mzima mwenye ini zima, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Hesabu na ile iliyofichwa ndani ya dawa za mafua. Ukiwa kwenye wafarini na unaimeza kila siku, mwambie anayekupima damu, kwa sababu kipimo kinaweza kupanda.

La mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote: "Vumilia, mvumilivu hula mbivu." Methali hiyo inafaa kwa maembe, haifai kwa mapafu. Anayevumilia maumivu hupumua kwa juu juu. Anayepumua kwa juu juu hakohoi. Makohozi hutuama chini ya mapafu, na hapo nimonia hujikaribisha yenyewe. Dawa ya maumivu si anasa wala udhaifu. Ndiyo inayokuruhusu kukohoa.

Na kukohoa kuna namna yake. Meza dawa nusu saa kabla. Kaa wima kitini, kumbatia mto, au kanga iliyokunjwa ikawa nene, uikandamize kifuani kwa mikono yote miwili. Vuta pumzi polepole mpaka mbavu za chini zifunguke, shikilia kidogo, achia. Rudia mara tatu, kisha kohoa mara mbili kwa nguvu, huku mto umeubana. Katika wiki za mwanzo, fanya pumzi ndefu kumi kila saa uliyo macho. Wenzangu hunicheka kwamba naweza kuzungumzia kikohozi tangu adhuhuri hadi magharibi. Ni kweli, kwa hiyo niishie hapa.

Sasa nije kwenye mpango. Nilikusudia kueleza vyanzo vitatu vya maumivu kwa zamu: mfupa, mishipa ya fahamu, na utando wa moyo, kila kimoja aya mbili. Lakini siwezi kuutaja mfupa bila kumkumbuka mzee mmoja fundi seremala.

Mzee huyu, mwenye kisukari na mvutaji sigara wa miaka mingi, aliruhusiwa kurudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa: asinyanyue kitu kizito. Akaitii. Wiki ya nne akarudi karakanani, akawaachia vijana mbao zote, yeye akashika randa tu. Randa si nzito. Baada ya siku chache akaanza kusikia kitu kikigonga kifuani kila anapojigeuza kitandani. Jirani akamwambia waya zinakaa sawa. Mzee alikuja kwangu, nikamwamkia, hata hakungoja nimalize. "Mwanangu, mimi nimeunga mbao miaka arobaini. Kiungo kinachogonga hakijashika."

Alikuwa sahihi. Waya zilikuwa zimeanza kuukata mfupa, na ilibidi arudishwe chumba cha upasuaji kufungwa upya.

Kosa lilikuwa la karatasi kuliko la mzee. Mfupa wa kidari huhitaji wiki sita hadi nane kushikana na karibu miezi mitatu kupata nguvu zake, na katika muda huo adui si uzito peke yake. Adui mwingine ni kusukuma au kuvuta kwa mkono mmoja ulionyooka mbali na mwili, maana nusu moja ya mfupa huenda huku na nyingine hubaki. Randa hufanya hivyo hasa. Kusonga ugali kadhalika, na kukuna nazi, na kupiga deki, na kuning'inia kwenye bomba la daladala. Kwa hiyo mimi siku hizi siwaambii watu kilo peke yake. Nawaambia: viwiko vikae karibu na mbavu, kama umebana magazeti kwapani. Kazi isiyofanyika hivyo, mpe mwingine. Ukiamka kitandani, usijivute kwa mikono: lala ubavu, shusha miguu, ndipo uinuke.

Nimebakiwa na nafasi ndogo kwa vile vyanzo viwili. Neno letu "mshipa" limebeba mengi mno: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, hata ngiri. Mgonjwa akiambiwa mshipa umeguswa, hudhani damu haipiti. Ninayoisema hapa ni mishipa ya fahamu, inayopita kati ya mbavu. Wale waliochukuliwa mshipa wa damu wa ndani ya ukuta wa kifua, mara nyingi wa kushoto, ili upitishe damu kando ya palipoziba, ndio hupata usumbufu zaidi: ganzi, kuwaka moto, shati likigusa ni kama upupu. Huweza kudumu miezi. Parasetamoli haiyawezi vizuri maumivu haya. Ziko dawa nyingine kwa ajili yake, na ni daktari anayeziandika.

Utando wa moyo nao huweza kuvimba, kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya sita. Dalili yake ni maumivu yanayochoma ukilala chali au ukivuta pumzi, yanayopungua ukikaa na kuinama mbele, pengine pamoja na homa. Unatibika, lakini si nyumbani.

Nenda hospitali leo, si kesho, ukiona mojawapo ya haya: mfupa kugonga au kuchezacheza, kidonda kutoa usaha au majimaji, homa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika. Maumivu ya kubana yale yale ya kabla ya upasuaji, yenye jasho au yanayopanda taya na mkono, hayangoji hata kuoga.

Ndiyo maana sikubali mgonjwa aniambie "kifua kinauma" halafu anyamaze. Kiswahili kina maneno ya kutosha: kinachoma, kinabana, kinavuta, kinapwita, kinawaka, kimekufa ganzi. Chagua lako, kisha sema wapi, lini, na kwa kufanya nini.

Mzee fundi alijifunza haraka. Mwezi wa tatu baada ya kufungwa upya alinipigia: "Kushoto juu panawaka shati likigusa. Katikati panavuta asubuhi, nikitembea panaachia. Hapagongi. Homa sina." Sikuwa na la kuuliza. Nilimwambia avae fulana laini ya pamba, amweleze daktari habari ya huko kuwaka, na randa aiache kwanza kwa vijana.