Dawa na Maneno Yake

Ndugu msomaji, wewe umekwisha kusimama mbele ya dirisha la dawa. Unajua namna ilivyo. Watu ni wengi, jua ni kali, mtoto analia mgongoni. Umemwona munganga, umepimwa damu, umelipa. Sasa mtu wa farmasi anashika karatasi yako, lakini hakupi dawa bado. Anauliza maswali! Mgonjwa ana miaka mingapi? Ana kilo ngapi? Wewe mama, una mimba? Tangu homa ilipoanza, umekula dawa gani nyumbani? Ndipo wengine wananung'unika: "Munganga amekwisha kuniuliza. Unipe kinini zangu niende."

Tunataka kukueleza kwa nini anauliza. Kazi yake si kuhesabu vidonge tu. Kama ingekuwa kuhesabu tu, tungemweka mtoto wa darasa la pili mahali pake, naye angefanya vizuri.

Swali lile la mwisho ndilo watu wanalolificha. Walianza sokoni. Walinunua vidonge viwili vyeupe na kimoja chenye rangi mbili, bila sanduku, bila karatasi, vilivyokuwa vimeanikwa juani karibu na samaki na sabuni. Homa haikupona, wakaja hospitali. Wanaogopa kugombezwa, basi wanasema, "Sikula kitu." Kumbe wamekula, na dawa ile ingali katika mwili inangoja mwenzake.

Sikia jambo hili. Dawa moja inaweza kuwa na majina matatu. Parasetamoli inauzwa kwa jina lake lenyewe, inauzwa kwa jina lingine juu ya sanduku zuri, tena inachanganywa ndani ya dawa za mafua. Mtu anakula ya kwanza kwa sababu ya kichwa, ya pili kwa sababu ya homa, ya tatu kwa sababu ya mafua, naye anafikiri amekula dawa tatu. Amekula moja mara tatu. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 katika mchana na usiku mmoja, na wengine munganga atawapa kipimo kidogo zaidi. Akizidisha sana, ini linaharibika. Na ubaya wake ni huu: siku ya kwanza anaweza kujisikia vizuri tu, akaendelea na kazi zake shambani. Ugonjwa wa ini unaonekana baadaye, na hapo kumponya ni kazi ngumu.

Wanaume wanaobeba mizigo na wamama wanaolima wanapenda dawa za mgongo, kama ibuprofeni na diklofenaki. Zinatuliza kweli. Lakini mwenye kidonda cha tumbo akizila kila siku anaweza kutokwa damu ndani, na choo chake kinakuwa cheusi kama makala. Mama aliye katika miezi ya mwisho ya mimba asizile hata kidogo pasipo neno la munganga. Muuzaji wa sokoni hakukuuliza habari za tumbo lako wala za mimba yako. Alikuuliza franka.

Sasa tutakusimulia jambo lililotokea katika nchi yetu, upande wa kaskazini-mashariki, huko Ituri na jirani zake. Ilikuwa mwisho wa mwaka 2014. Watu walianza kuletwa hospitali wakiwa na ugonjwa wa ajabu. Shingo inakakamaa na kupinda, macho yanapanda juu, ulimi unatoka nje, mikono inajikunja yenyewe. Watoto nao walikuwamo. Kama ungaliona ndugu yako katika hali hiyo, ungalisema nini? Pengine ungalisema ni pepo. Waganga wenyewe kwanza walifikiri ni meningiti, ugonjwa ule wa utando wa ubongo unaokakamaza shingo.

Haikuwa meningiti. Walipochunguza vidonge ambavyo watu walikuwa wamekula, na kupima mkojo wa wagonjwa, waliona sababu. Chupa iliandikwa diazepamu, dawa inayotuliza mishtuko na kuleta usingizi. Lakini ndani hamkuwa na diazepamu. Mlikuwa na haloperidoli, dawa kali ya wagonjwa wa akili, tena kwa kipimo kikubwa. Mpaka mwezi wa nane wa mwaka 2015, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamelazwa hospitali kwa ajili yake, na 11 walikufa.

Angalia, ndugu. Watu hao hawakula sumu kwa kusudi. Walikula kidonge kidogo ambacho kila mtu alifikiri anakijua. Na wewe ukitazama kidonge mkononi, huwezi kujua kilichomo. Hata sisi hatuwezi kwa macho tu. Ndiyo sababu farmasi nzuri inaandika dawa ilitoka wapi, ilifika siku gani, na namba iliyo juu ya chupa. Siku ikisikiwa habari kwamba dawa fulani ni ya uongo, tunatafuta namba ile, tunaiondoa, na tunajua ilipewa nani. Mwenye sinia ya sokoni hana daftari. Kesho hayuko hata yeye mwenyewe.

Tena kuna jambo la kipimo. Unakumbuka habari ya Naamani, jemadari wa Shamu, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5. Aliambiwa aoge katika mto Yordani mara saba. Kwanza alikasirika, akataka kurudi kwao, kwa maana neno lilikuwa dogo machoni pake. (Watumishi wake ndio waliomshawishi. Mara nyingi mgonjwa mkubwa anaokolewa na mtu mdogo wa nyumbani mwake.) Alioga mara saba. Hatusomi kwamba alipotoka mara ya nne alisema, "Sasa naona nafuu, nitamwekea mke wangu mara tatu zilizobaki."

Lakini sisi tunafanya hivyo kila siku! Chukua dawa ya malaria inayotumika sana siku hizi, yenye artemeteri na lumefantrini pamoja. Inaliwa mara 6 katika siku 3. Ukila ya kwanza saa moja asubuhi, ya pili unakula saa tisa mchana, maana yake baada ya saa 8. Halafu asubuhi na jioni, kesho na kesho kutwa. Mtu mzima anakula vidonge 4 kila mara, vyote ni 24. Mtoto mdogo wa kilo 10 anakula 1 kila mara. Ndiyo sababu tunamweka mtoto wako juu ya mizani. Tena dawa hii inataka chakula chenye mafuta, ndipo mwili uipokee: karanga, maziwa, au sombe iliyopikwa na mafuta ya ngazi. Ukiila na njaa, sehemu kubwa inapita bure. Mtoto akitapika mbele ya saa moja kupita, umrudishie kipimo kile, halafu uje kwetu upate kingine cha kujaza mahali pake.

Siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza. Mama anaficha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya malaria ijayo. Ndani ya damu wadudu wachache wangali hai. Baada ya majuma machache mtoto anaungua tena. Dawa za maambukizo, kama amoksisilini, ni vivyo hivyo. Vijidudu visivyokufa vinajifunza kuishi na dawa, na siku utakapoihitaji kweli haitakusaidia. Na ile desturi ya kufungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda, tafadhali iacheni. Maji safi na sabuni ni bora.

Tunajua sababu nyingine ya watu kununua nusu. Ni umaskini. Karatasi ina dawa nne, na franka zinatosha mbili. Usione haya. Usinunue nusu ya kila moja! Mwambie mtu wa farmasi waziwazi, "Nina kiasi hiki tu. Katika hizi, ni ipi inayoponya ugonjwa wenyewe?" Atakuonyesha. Mara nyingi vitamini inaweza kungoja, na dawa ya kikohozi inaweza kungoja, lakini ile moja uichukue yote mpaka kidonge cha mwisho. Kwa hizo zilizobaki atamwuliza munganga. Swali hili moja lingeokoa watoto wengi, nasi tunashangaa kwamba ni wachache wanaoliuliza.

Na sisi wa dirishani tuna kosa letu, tulikiri. Wagonjwa wakiwa wengi tunasema upesi, "mbili asubuhi, mbili jioni," na tunaita mwingine. Wewe unaitikia ndiyo, ndiyo, kwa heshima, hata kama hukusikia. Ukiona hivyo, usiondoke. Sema, "Baba, ngoja nirudie maneno yako." Halafu useme mbele yetu utakavyokula dawa. Ukikosea, tutasahihisha hapo hapo. Kama hujui kusoma, tutachora jua na mwezi juu ya bahasha, na vidonge chini yake. Kama ni dawa ya maji, uliza ni kijiko kipi. Kijiko kidogo cha chai kina mililita 5, kile cha mezani kina kama 15, maana yake mara tatu. Kwa mtoto mchanga tofauti hiyo si mchezo.

Siku nyingine mtu wa farmasi atakataa kukuuzia. Umeleta franka, unataka sindano, naye anasema hapana, nenda kwanza upimwe damu. Utakwenda kwa hasira. Lakini muuzaji asiyekataa hata siku moja, huyo ndiye wa kuogopwa.

Basi leo jioni, ukifika nyumbani, tazama juu ya kabati, chini ya kitanda, na ndani ya kopo lile la zamani la maziwa. Kusanya vidonge vyote unavyovikuta, vyenye jina na visivyo na jina, uvifunge katika mfuko mbali na watoto. Siku utakapokuja hospitali uvilete. Hatutakugombeza wala kuuliza ulinunua kwa nani. Tutavitandaza mezani pamoja nawe, tutakuambia ni vipi unaweza kuvirudisha nyumbani, na vilivyobaki utatuachia sisi.