Seva ya Wakala na Ulinzi Wake

Squid ni programu ya uwakala iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Hupokea maombi ya watumiaji, kwa kawaida kupitia mlango namba 3128, na kuyapeleka kwenye intaneti kwa niaba yao.

Kanuni zake husomwa kutoka juu kwenda chini. Ya kwanza inayolingana na ombi ndiyo inayoamua. Kwa hiyo ruhusa ya jumla ikitangulia, makatazo yanayoifuata hayana nguvu. Utaratibu ulio salama ni huu: kwanza kukataza maombi yanayoelekea milango isiyo ya lazima, kisha kuruhusu anwani za chuo tu, mwishoni kuwakataza wote waliobaki. Seva iliyoachwa wazi huwasaidia wageni kuficha maovu yao, na lawama hukiangukia chuo chenye anwani.