Kituo cha hali ya hewa cha nyumbani: Nywila isiondolewe ili vipimo vifike

Dar es Salaam

Katika mitaa ya Kariakoo, ambako ghorofa zimesongamana na stoo nyingi za bidhaa zimeshuka chini ya ardhi, mvua kubwa ya usiku wa manane huweza kuingia ndani kabla mwenye mali hajapata habari. Kituo kidogo cha hali ya hewa kilichofungwa juu ya paa na kuunganishwa na mfumo wa nyumba janja kinaweza kumwamsha kwa ujumbe wa simu akiwa Mbagala au Tegeta. Kazi hiyo kifaa kinaimudu. Tatizo hujitokeza pale mfumo unaolindwa kwa nywila unapokataa kupokea vipimo, na fundi akashauri nywila iondolewe.

Kituo cha aina hiyo kwa kawaida kina sehemu mbili. Sehemu ya nje hubeba kipimajoto, kipima unyevu wa hewa, kipimaupepo na kipima mvua, ambacho ndani yake kuna vijiko viwili vidogo vinavyopinduka kwa zamu kila maji yanapofikia kiasi maalumu, mara nyingi milimita 0.2 au 0.3. Sehemu ya ndani hupokea vipimo hivyo kwa mawimbi ya redio, huongeza kipimo cha mgandamizo wa hewa, kisha huvipeleka kwenye ruta kwa njia ya Wi-Fi. Kutoka hapo vipimo huenda kwenye mfumo wa nyumba, yaani kompyuta ndogo inayosimamia pia taa, pampu, kamera na pengine kufuli za milango.

Hapo ndipo mambo hukwama. Mfumo unamtaka kila anayeingia ajitambulishe kwa jina na nywila. Vituo vingi vya bei nafuu, kwa upande wao, vimetengenezwa kutuma vipimo kwenye anwani fulani tu. Havina mahali pa kuandikia nywila, au hutuma ujumbe usiosimbwa ambao yeyote aliye ndani ya mtandao huo anaweza kuusoma. Kituo hutuma, mfumo hukataa, na skrini hubaki tupu. Mmiliki aliyekwisha kulipia kifaa na ufundi hushawishika kukubali njia ya mkato.

Gharama ya njia hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kiwango cha mvua iliyonyesha juu ya paa si siri ya mtu, na akikisoma jirani hakuna kilichopotea. Lakini mlango ulioachwa wazi ili mvua ipite ni uleule unaoelekea kwenye kamera na kufuli. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka idadi kubwa sana ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu orodha fupi ya takriban jozi 60 za majina na nywila za kiwandani ambazo wamiliki hawakuzibadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya aina hiyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa zikashindwa kufunguka kwa saa kadhaa. Wengi wa wenye vifaa hivyo hawakujua kwamba vifaa vyao vilishiriki.

Njia sahihi ni kukipa kituo ufunguo wake chenyewe, ulio mwembamba. Mifumo mingi ya nyumba janja huruhusu kutengeneza anwani maalumu ya kupokelea vipimo, yenye mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu usioweza kubahatishwa; anayeifahamu anwani hiyo anaweza kuleta vipimo tu, hawezi kuona wala kuamuru jambo lolote. Mfumo ukikosa nafasi hiyo, ifunguliwe akaunti ya pekee kwa ajili ya kituo, isiyo na ruhusa ya kufikia kamera, kufuli wala mipangilio. Nywila ya mwenye nyumba isiandikwe kamwe ndani ya kituo, kwa kuwa kifaa kinachokaa pembeni, mara nyingine mahali pa wazi, ndicho rahisi kuibwa na kuchunguzwa.

Aidha, mawasiliano ya kituo na mfumo yabaki ndani ya mtandao wa nyumba. Ruta isifunguliwe kupokea miito ya moja kwa moja kutoka intaneti kwa sababu tu mmiliki anataka kusoma vipimo akiwa mbali. Mfumo wenyewe unaweza kumtumia ujumbe pale mvua inapovuka kiwango alichokiweka, na hilo linatosha kwa wengi. Anayekusudia kutumia VPN akumbuke tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) la Oktoba 2023, lililowataka watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji huduma hiyo kutoa taarifa zake kwa Mamlaka.

Lipo jambo jingine ambalo wateja huliacha kwa kuona haya. Fundi aliyefunga mfumo ndiye aliyeandika nywila ya kwanza, na anapoondoka huondoka nayo. Kuibadilisha mbele yake si kumshuku. Ni sehemu ya makabidhiano ya kazi, kama anavyokabidhi funguo za mlango alioufunga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila haki, hata kama nywila anaijua. Vilevile, picha za kamera za wapangaji na wateja wa duka zinaweza kuwa taarifa binafsi, ambazo utunzaji wake unasimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022. Mwenye jengo aliyeacha mfumo wazi hawezi kudai kwamba hasara ni yake peke yake.

Kabla ya kulipa dukani, mnunuzi aulize masafa ya redio ya kituo. Vipo vinavyotumia megahezi 433, vingine 868, na vingine 915 vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Tanzania imo katika Ukanda wa Kwanza wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), ambako eneo la megahezi 902 hadi 928 halikutengwa kwa vifaa huria kama ilivyo Marekani, na sehemu yake inaingiliana na masafa ya simu za mkononi. Kifaa kikishanunuliwa, kasoro hiyo hairekebishwi kwa mipangilio.

Mahali pa kukifunga nako kuna ugumu wake. Utaratibu wa kitaalamu hutaka kipima mvua kikae mbali na kizuizi kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo ambacho kizuizi hicho kimekizidi kipima chenyewe. Katikati ya Kariakoo sharti hilo halitimiziki kwa urahisi: jengo la jirani linalokizidi kipima kwa mita 30 lingehitaji uwazi wa mita 60. Paa la zege au la bati nalo hupandisha joto linalosomwa. Vipimo hivyo vinamfaa mwenye paa kulinganisha leo na jana, lakini havifai kutangazwa kama hali ya hewa ya Ilala.

Utoaji wa utabiri na tahadhari rasmi ni dhamana ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), chini ya Sheria Na. 2 ya mwaka 2019. Anayekusudia kufunga kituo inampasa kuwasiliana kwanza na Mamlaka hiyo kuhusu usajili na ruhusa. TMA hutoa taarifa zake kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na huhesabu kuwa mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Hivyo paa la mita za mraba 200 hushusha lita 10,000 kwa siku ya namna hiyo, na maji hayo yote hutafuta njia ya kupita mtaani.

Hata hivyo, mafuriko ya Jangwani hayategemei mvua ya Kariakoo pekee. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, na maji yake hupita mabondeni hadi baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha Pugu wakati Kariakoo kuna manyunyu tu, kipima mvua cha juu ya ghorofa hakitasema neno. Wakazi wanaokumbuka Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 jijini na baadhi ya familia za mabondeni kuhamishiwa Mabwepande, wanaelewa uzito wa maji yatokayo mbali.

Kwa sababu hiyo, mwenye stoo ya chini ya ardhi anayetaka pampu ijiwashe yenyewe asiifungamanishe na kipima mvua peke yake. Pampu iwashwe na kifaa kinachopima kina cha maji ndani ya shimo lake, kisichohitaji intaneti wala nywila ili kifanye kazi, na chenye betri ya akiba kwa saa ambazo umeme umekatika. Kituo cha juu ya paa kibaki na kazi ya kumwarifu mwenyewe mapema, ili apate muda wa kunyanyua marobota ya chini.