Gari la Jeshi Halipimwi kwa Kilo

Iko biashara moja inayopita hapa Kisauni ambayo wengi wetu huidhania kuwa ni ya vyuma kuukuu tu, kumbe ni ya historia. Ni ununuzi wa magari ya kale ya kijeshi, hususan zile Land Rover za bodi ya pembepembe ambazo wazee wetu walizizoea zikiwa na askari nyuma.

Hapa Mjambere nimeliona moja likiwa juu ya mawe, halina magurudumu, limeandikwa "Linauzwa" kwa chaki. Watu wa namna mbili huliendea gari la aina hii. Wa kwanza hukadiria uzito wake, maana atalikatakata auze kwa kilo. Wa pili huja na tochi. Hulala chali chini yake, akapangusa vumbi kwenye chesisi na kutafuta nambari ya kiwandani. Huyu ndiye mkusanyaji. Akiipata nambari haonyeshi furaha, bali huanza kulitia gari ila ili bei ishuke. Nasi, kwa kutojua tunachokiuza, huishusha.

Katika Vita Vikuu vya Pili, viwanda vya Willys na Ford huko Marekani viliunda zaidi ya jeep laki sita. Baada ya vita, Mwingereza Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akiitumia moja shambani mwake, na kutokana nayo akabuni Land Rover, iliyoonyeshwa hadharani Amsterdam, Aprili 30, 1948. Chuma kilikuwa adimu Uingereza wakati huo, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa mchanganyiko wa alumini. Ndiyo sababu hewa ya chumvi ya mwambao wetu huweza kuiacha bodi ikisimama huku chesisi ya chuma ikiliwa na kutu. Mwalimu wa kemia naye ana somo zima pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi: hapo pamekuwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo hutangulia kuliwa.

Lakini thamani haimo katika alumini. Jumba la makumbusho ya magari lililoko Gaydon, Uingereza, humpa mwenye gari cheti kinachotokana na madaftari ya kiwanda: liliundwa lini, likapelekwa wapi. Gari lenye karatasi za kuthibitisha kwamba lilitumikia jeshi huvutia wakusanyaji kuliko lile lisilo na ushahidi. Je, habari za magari yaliyotumika kwetu zimeandikwa na nani? Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 20, 1952, ikadumu hadi 1960, na Land Rover zilikuwa miongoni mwa magari yaliyowabeba wanajeshi na polisi waliowasaka wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru wa 1963 ziliendelea kutumiwa na jeshi na serikali. Kisha zikapigwa mnada, zikapakwa rangi mpya, zikabeba mkaa na mbuzi.

Sheria haisaidii sana. Ile ya Makavazi na Turathi ya 2006 huhesabu kifaa kuwa cha kale endapo kilitengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Land Rover, iliyozaliwa 1948, imeikosa kinga hiyo ya umri kwa zaidi ya nusu karne!

Simkatazi mwenye gari kuuza. Karo za watoto hazingojei turathi. Ninalolipinga ni kuuza kabla ya kuandika. Walimu wa historia wa Kisauni wangeweza kuwatuma wanafunzi, kwa ruhusa ya mwenyewe, wakiwa na daftari. Wanakili nambari ya chesisi na maandishi ya kibati cha kiwandani. Watazame pale rangi ilipobanduka wahesabu tabaka zake, kwani kijani cha jeshi aghalabu hujificha chini ya rangi ya raia. Wamwulize mwenyewe alilinunua kwa nani, kisha wamtafute dereva mstaafu aliyewahi kuyaendesha magari hayo, wamsikilize bila kumharakisha. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine apewe mwenye gari aihifadhi pamoja na hati yake ya umiliki.