Kamera Yazungumza, Nani Amwelewa?

Kijana mmoja wa Kawangware, ambaye hupata riziki kwa kupiga picha za harusi na mahafali, alinijia siku moja uso umemsawajika. Katikati ya harusi kadi ya kamera yake ilijaa. Alifungua menyu ili afute picha chache zilizoharibika, akakutana na neno "Format". Shuleni alifundishwa kwamba neno hilo ni muundo, basi akadhani litampangia picha zake. Kamera ilimwonya, naam, lakini kwa Kiingereza cha mafundi, na bibi harusi alikuwa akimngoja. Akabonyeza. Picha zote za kanisani zikatoweka. Laiti angaliiweka kadi ile kando papo hapo, yamkini fundi wa kompyuta angaliziopoa. Yeye aliendelea kupiga nyingine juu yake. Fedha za wenyewe alizirudisha. Picha ya nyanya akiwabariki maharusi haikurudi.

Wapo watakaomwita mzembe. Mimi nasita kumhukumu. Itazame kamera ya Canon, kwenye gurudumu lililo juu yake: utaona herufi "Tv". Mwanafunzi yeyote atasoma runinga. La hasha! Hapo ndipo mpiga picha huchagua muda ambao nuru itaruhusiwa kuingia. Katika Nikon kazi iyo hiyo imepewa herufi "S". Nayo "A", ambayo kwenye Canon huandikwa "A+" na kuiachia kamera kila uamuzi, kwenye Nikon humtaka mtu achague mwenyewe upana wa tundu la lenzi. Je, anayejifunza kwa kamera za kuazima, leo hii na kesho ile, ashike lipi?

Kibera walipata kuonja njia nyingine. Mnamo 2010 vijana wa Kibera News Network walianza kurekodi habari za mtaa wao kwa kamera ndogo za Flip. Kamera hiyo ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa chekundu: ukibonyeza, inarekodi; ukibonyeza tena, inakoma. Akili ikabaki kwenye habari yenyewe. Hata hivyo, giza likiingia hukuwa na la kurekebisha, na kampuni ya Cisco iliyoimiliki iliifunga biashara hiyo mwaka wa 2011.

Kwa hiyo sidai menyu zifutwe. Ninachodai ni maneno. Windows na Facebook zilipata sura ya Kiswahili katika miaka ya 2000, na simu nyingi huzungumza nasi kwa lugha yetu. Kamera nilizozishika huorodhesha lugha kadha wa kadha, Kiswahili sijakiona. Mwalimu anayelea chama cha wanahabari shuleni asingoje viwanda vya Japani vimkumbuke.

Yule kijana niliketi naye, kamera mezani, daftari mkononi. "Format" tukaiandika "futa kadi nzima", kwa wino mwekundu. "ISO" tukaiita "wepesi wa kuhisi nuru". Kazi hiyo ilitumaliza alasiri yote, na maneno mawili tumeyaacha bila jina hadi leo.